Faili Isiyo na Jina

Harufu ya mvua ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa Januari, vumbi la mtaa wa Mowlem limeingia hadi kwenye meno ya watu, wingu hata moja la kusingizia halipo, lakini ndani ya saiba, chumba cha kompyuta cha Nabalayo, palinukia udongo uliolowa. Aliinama chini ya meza kutafuta bomba lililopasuka. Hapakuwa na bomba. Akarudi kitini, akamweka begani mtoto wake Nekesa, na kompyuta ikalia kuashiria barua mpya.

Saiba ile ina anwani moja tu ya barua pepe, na mtaa mzima unaijua kwa kichwa. Mtu akitaka kuprintiwa fomu ya shule au ratiba ya mazishi, anaituma huko, kisha anakuja mlangoni kuuliza kama imeingia. Nusu ya kazi ya Nabalayo ni kufungua faili zilizogoma, na katika kazi hiyo hana mpinzani kutoka Mowlem hadi Umoja. Atakuambia mwenyewe, hata usipomuuliza.

"Niaje, madam," alisema Opicho, fundi wa kuchomelea mageti. "CV yangu imeingia lakini nasikia imekataa kufunguka."

"Haijakataa. Umeipatia jina vibaya tu. Ona hapa mwisho, umeiita picha na yenyewe si picha." Nabalayo aliandika jina jipya, akilitamka herufi kwa herufi, maana hajawahi kuandika kitu na mdomo ukanyamaza. "Ndio hiyo. Faili ni kama mtu, ukiiita jina lake inaitika."

Chini ya barua ya Opicho kulikuwa na nyingine. Haikuonyesha mtumaji. Kichwa chake kilisema: Nifungulie. Kiambatisho kiliitwa noname, neno ambalo kompyuta hukibandika kitu kilichofika bila jina. Nabalayo alikifungua, akakuta visanduku vitupu na alama za kuuliza kutoka juu hadi chini. Akabadilisha mwisho wa jina, akajaribu kama hati, kama picha, hata kama sauti. Visanduku vilevile. Akabonyeza kujibu, akaomba itumwe upya, na jibu likarudi kwamba anwani hiyo haipo.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nekesa, mtoto wa miezi minne ambaye majirani walimsifu kwa utulivu, akaanza kulia.

Hakunyamaza wiki nzima. Titi alilisukuma kwa ngumi. Kliniki walimpima, wakasema hana ugonjwa, ila uzito unapungua na hauwezi kuendelea kupungua hivyo. Baba yake, Wekulo, alikuwa anatoka kiwandani na kusimama tu mlangoni, hajui amshike nani kati ya mtoto na mama. Mwishowe mama yake Wekulo, Asenath, akapanda basi kutoka Bungoma.

"Huyu analilia jina," alisema mama mkwe hata kabla ya kuvua viatu. "Kuna mtu wetu aliyekufa anataka kuitwa. Mpe titi."

Kwao jina la marehemu huitwa mtoto akiwa kwenye titi. Akilishika na kunyamaza, jina limekuwa lake, na mwenye jina amerudi kukaa ndani yake. Asenath aliwataja babu na nyanya wote, mashangazi, hata mjomba mlevi ambaye hakuna aliyemtaka arudi. Nekesa alilitema titi kwa kila mmoja.

"Kuna tuliyemsahau?" aliuliza Asenath. Wekulo akatazama chini. Nabalayo akamhamishia mtoto bega la pili.

Na kila saa tisa faili ilifika saiba, ikifuatana na harufu yake ya mvua. Siku ya tano printa ilianza kukoroma ikiwa imezimwa, mikoromo midogo yenye kwikwi katikati. Habon, anayeuza madera chumba cha pili, alichungulia akaziba pua.

"Mama Nekesa, hii si virusi," alinong'ona. "Hii ni jini, wallahi. Usiiguse tena. Nitamleta mjomba."

Mjomba wake, Sheikh Abukar, alisoma juu ya chupa ya maji, akanyunyiza pembe nne za chumba. Alipoifikia printa aliinamisha sikio kama mtu anayesikiliza mlangoni pa chumba cha mgonjwa.

"Huyu sina la kumfukuzia," alisema taratibu. "Ni mdogo sana. Analia tu." Akakataa soda aliyowekewa, akaondoka akifuta macho.

Kesho yake stima zilipotea mtaa mzima saa tisa kamili. Skrini ilizimika, feni ikasimama, na katika kimya kile Nabalayo, akiwa peke yake na Nekesa aliyekuwa amelia hadi sauti ikamkauka, alisikia printa ikivuta karatasi, polepole, ikiivuta na kuiacha na kuivuta tena, huku harufu ya mvua ikijaa chumbani hadi akahisi unyevu kwenye kope, na karatasi ikatoka, ikateleza mezani, ikaanguka miguuni pake, imejaa visanduku tangu juu hadi chini isipokuwa mstari mmoja wa katikati, uliosomeka vizuri kabisa: Mtoto wa Nabalayo.

Maneno hayo aliyajua. Yalikuwa kwenye fomu ya maziko, miaka miwili iliyopita, Aprili, siku ambayo mvua ilinyesha hadi maji yakaingia wodini. Msichana alizaliwa kimya. "Hakupumua," Wekulo alisema, "tutampaje jina?" Si kwa ubaya, alikuwa amevunjika. Walimzika wakiwa watu wanne tu, na baada ya hapo hakuna aliyemtaja. Lakini Nabalayo alikuwa na jina tayari. Nafula, kwa sababu ya mvua, kama vile huyu wa sasa alivyoitwa Nekesa kwa sababu alizaliwa wakati wa mavuno. Hakuwahi kulisema, hata kwa mto wa kulalia.

"Ni wewe," alisema, na machozi yakamtoka. "Uwii, mwanangu, ni wewe."

Stima zilirudi. Matiti yalikuwa yamejaa hadi kuuma, na Nekesa alikuwa mapajani. Nabalayo alimpa titi bila kufikiri, kama mama yeyote. Kwa mkono mwingine akaiwasha kompyuta, akakuta faili imeshaingia, akafuta neno noname. Akaandika jina jipya, na mdomo wake, ambao haujui kunyamaza, ukalitamka.

"Na-fu-la."

Faili ikafunguka. Zilikuwa nyayo mbili za mtoto mchanga, za maji, kwenye ukurasa mweupe. Printa ikanyamaza. Na mtoto akalishika titi, akanyonya kwa pupa, macho yakiwa wazi yakimtazama mama yake. Nabalayo alilia kwa furaha hadi akaiona skrini mbilimbili.

Nyumbani jioni Asenath alipiga makofi. "Nekesa! Nekesa wa kukhu, mjukuu wangu!" Mtoto hakugeuka. Akaita tena kwa karibu. Mtoto alikuwa anachezea vidole vyake.

"Nafula," alisema Nabalayo kwa sauti ndogo.

Mtoto aligeuka na kutabasamu.

Asenath aliketi chini. "Ulimwita lini jina hilo?" Nabalayo akamvuta mtoto kifuani. "Nabalayo, nakuuliza. Alikuwa kwenye titi?"

Siku iliyofuata Nabalayo alifika kazini na mtoto mgongoni, moyo umejaa furaha. Saa tisa kompyuta ikalia. Hapakuwa na mtumaji. Nifungulie. Noname. Visanduku vitupu, na katikati yake mstari uleule: Mtoto wa Nabalayo. Akaandika Nafula, mara tatu. Haikufunguka.

Ndipo alipoisikia harufu. Haikuwa ya mvua tena. Palinukia mahindi makavu, mabua yaliyokatwa, ghala lililojaa wakati wa mavuno.

Jina la kuifungua alilijua. Vidole vilikuwa juu ya herufi. Mgongoni Nafula aliamka, akamshika shingo kwa mikono miwili ya joto, akaanza kuitafuta njia ya kulifikia titi, na printa ikakoroma, ikapiga kwikwi, kwa sauti ambayo Nabalayo alikuwa ameibembeleza miezi minne na angeitambua popote.