Nilimfukuza Mkamwana Wangu Kwenye Mashine ya Moyo

"Mama Festo, hivi yule Mrundi wako uliyemfukuza hospitali, ameshafika kwao?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Tekla, juu ya ua, watu wanasikia. Tena anacheka!

Nilinyamaza. Leo nasema. Wapendwa, someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Mimi ni mjane, naishi hapa Tabora. Mwanangu Festo yuko Ipole na mizinga yake ya nyuki. Nyumbani tulibaki mimi na mke wake, Esperansi, binti wa Ulyankulu, kwenye makazi ya Warundi.

Kifua kikaanza kunibana. Daktari akaagiza nipigwe picha ya moyo kwenye ile mashine ya duara, CT skani.

Niliogopa jamani! Nilishasikia ile miale haionekani, hainuki, lakini inakupita mwili mzima.

Tekla akajileta mwenyewe kunisindikiza. "Mgonjwa haachwi," akasema.

Huyu ndiye aliyeizunguka jumuiya yetu yote mimba mbili za Esperansi zilipotoka. "Tumbo la yule binti ni kaburi." Maneno yake hayo!

Ndani ya bajaji nikamwona Esperansi kainama, anamumunya udongo, ule wa sokoni. Nilipomtazama akauficha ndani ya khanga.

Udongo huo huwa haugusi... ila zile mara mbili alizopata mimba.

Sikuuliza. Kwetu mimba changa haitangazwi, na mama mkwe hachokonoi.

Hospitali nikalazwa kwenye kitanda cha mashine. Chumba baridi! Mtaalamu wa mashine, kijana anaitwa Anton, akanibandika waya kifuani.

"Mama yangu, moyo unakwenda mbio mno. Nikipiga hivi picha itaharibika, turudie. Kurudia ni kukuongezea miale bure. Tulia."

"Nitulie vipi, na wewe mwenyewe unakwenda kujificha nyuma ya kioo?"

Akacheka. "Mimi nashinda humu kila siku. Wewe unapita tu. Haya, ndugu mmoja aje akushike mkono."

Esperansi akaingia. Tekla akabaki mlangoni, shingo ndani.

Anton akampa koti zito la kujikinga, kisha akauliza:

"Dada, una ujauzito? Hata mchanga kabisa, niambie. Mjamzito haingii humu."

Esperansi akamtazama Tekla. Akanitazama mimi.

"Hapana."

Ndugu zangu... nikaukumbuka ule udongo!

Niseme? Tekla huyo mlangoni, kabla ya jioni jumuiya nzima imejua. Ninyamaze? Mjukuu wangu je? Na kama nimekosea, nimemwaibisha binti wa watu bure!

Mkono wake ukagusa wangu.

"Toka!"

"Mama?"

"Usinishike! Unasubiri nife urithi nyumba? Toka, rudi kwenu Ulyankulu!"

Akaurudisha mkono wake.

Wazazi wake walikimbia vita Burundi. Hilo "rudi kwenu" wamerushiwa maisha yao yote. Nililijua. Nililichagua kwa sababu ndilo pekee ambalo lingemtoa mle ndani haraka.

Akavua lile koti. Akaenda zake, machozi yanamtoka.

"Makubwa haya!" Tekla akasema, akamfuata nyuma kama mtu aliyeitwa kwenye ngoma.

Anton alinikazia macho. "Mama, sasa ndiyo umeuharibu moyo kabisa."

"Funga mlango, baba," nikamnong'oneza. "Yule binti nadhani ni mjamzito."

Akafunga mlango. Wakanipa dawa ya kupunguza mapigo, tukasubiri. Rozari yangu walishaivua kwa ajili ya picha, nikasali kwa vidole. Salamu Maria baada ya Salamu Maria, peke yangu na lile duara...

Picha ikapigwa mara moja tu.

Nje, Esperansi hayupo! Nyumbani, begi lake halipo!

Simu ikalia. Festo. "Mama, umemfanya nini mke wangu?"

"Nakwenda kumfuata," nikamjibu.

Nikapanda gari la Ulyankulu. Nikamkuta kwa mama yake anamenya mihogo. Mkwe mzima, nikapiga magoti mavumbini.

"Mwanangu, niliuona udongo."

Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo ulijua, Mama?"

"Nilijua. Nilimwogopa Tekla, kama wewe ulivyomwogopa."

Akatikisa kichwa.

"Mimi sikumwogopa Tekla. Ningesema ndiyo, wangenitoa. Na wewe ungeshuka kile kitanda, usikubali tena kupimwa. Nakujua, Mama. Ungekufa."

Jamani!

Kumbe mimi namwokoa mtoto wake, yeye ananiokoa mimi, na wote midomo tumefunga. Ingekuwa hatari gani hiyo!

Festo tulimweleza yote; Esperansi akabaki kwa mama yake mpaka mimba ikatulia, ndipo juzi tukarudi pamoja. Mshipa wangu mmoja umeonekana mwembamba, nameza dawa. Kliniki wanasema mtoto anacheza vizuri.

Dada zangu, mimba mfiche jirani ukitaka. Mtu wa mashine usimfiche! Mwite pembeni, mnong'oneze. Na wewe mgonjwa usiogope kuuliza, "Kipimo hiki ni cha lazima?" Hata ukimsindikiza mtu tu, sema, maana miale haimchagui mgonjwa peke yake.

Jana Tekla alikuja. Akakaa, akapewa chai, akaanza tena.

"Enhe, Mama Festo, na yule Mrundi..."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Esperansi huyo, tumbo limetangulia. Akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, mama Tekla. Nikuongezee sukari?"

Tekla akalitazama lile tumbo. Akanitazama mimi. Akaweka kikombe chini, chai imejaa, akajifunga khanga, akatoka.