Mjamzito wa Tanurini

"Elfu tano hii ni ya nani?"

"Nimekwambia sijui."

"Hujui. Imeingia kwenye simu yako, imekuja na ujumbe wa asante, na wewe hujui. Basi ngoja nikusomee tena, labda masikio yamejaa nta." Mke wa Chaji aliinua simu hadi usawa wa macho, akasoma kama anayesoma hukumu. "Asante, mhudumu, kwa kumtembelea mama mjamzito wa nyumba ya tanurini siku ya Jumanne. Malipo yako ya elfu tano yametumwa." Akaishusha. "Jumanne ulikuwa umelala hapa na homa, nakukanda kwa kitambaa cha maji. Ulimtembelea saa ngapi? Au kuna kichochoro chini ya kitanda changu ambacho sikijui?"

"Mke wangu, huyo mwanamke hayupo."

"Hayupo lakini ana mimba."

"Nilimtunga."

Mkewe alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu, akaufunga. Alivuta kigoda, akakaa taratibu, mkono mmoja kiunoni, kama anavyokaa mtu mwenye mimba ya miezi saba. "Haya," akasema. "Nitungie na mimi nisikie."

Chaji alikuwa mhudumu wa afya. Jina hilo walimpa wenyeji, kwa sababu akiingia nyumba ya mtu, kabla hajauliza nani anaumwa, anauliza kama kuna umeme wa kuchajia simu. Simu ilikuwa ya mradi. Pamoja nayo alipewa mkanda wa kupimia presha na kidude cha mviringo cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Alipima, simu ikapeleka vipimo mjini kwa daktari ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, na daktari akajibu: mpe vidonge hivi, huyu asilale huko, mleteni. Na ilikuwa kazi ya maana, asikudanganye mtu. Kuna wanawake wanaotembea leo kwa sababu simu ile ilisema presha imepanda kabla hawajaanguka.

Ila mradi ulikuwa na masharti yake. Nyumba ishirini kwa mwezi, la sivyo hulipwi kitu. Kumi na tisa ni sawa na sifuri. Mwezi ule wa mvua mto ulifurika, njia zikakatika, na Chaji akafika kumi na tisa akakwama. Alisimama penye tanuri la kuchomea matofali lililoachwa zamani, mahali pa mwisho ambapo mguu ungeweza kufika, akabonyeza "ongeza nyumba". Programu haikubali vipimo vya kubuni. Namba zikikaa vizuri mno inawasha rangi nyekundu. Kwa hiyo akaweka za mkewe, ambazo alizijua kichwani. Presha yake, uzito wake, unene wa mkono wake, siku aliyoona damu kwa mara ya mwisho, na namba yake ya simu. Tusizunguke: aliiba. Ofisini aliiba kwa kidole, na nyumbani akaiba mwili wa mkewe bila hata kuomba.

Kisha, kwa kuwa mjamzito aliyeandikishwa lazima atembelewe hadi ajifungue, akawa anamtembelea kila mwezi akiwa amekaa barazani kwake. Lakini taarifa ya Jumanne hakuituma yeye.

Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akaanza kucheka. Alicheka kwa faraja, kwa kuwa alikuwa ameshajiandaa kumkuta mke mwenzake. "Na uzito ulimwandikia ule ule wangu?"

"Ule ule."

"Ungenipunguza basi, mwanamume wewe. Nimenenepa mpaka kwenye uongo."

Wakacheka wote wawili. Halafu yeye akaacha, akaweka kiganja juu ya tumbo, akakisogeza pembeni, akakibonyeza kidogo kama anayebisha hodi.

"Unajua," alisema kwa sauti ya chini, "tangu hiyo Jumanne hajacheza."

Chaji alichukua kile kidude, akakiunganisha na simu, akakiweka juu ya ngozi ya mkewe. Walingoja. Kilichosikika kilikuwa mvumo tu, kama upepo unaopita ndani ya bomba tupu. Akasogeza kulia, akasogeza chini. Kisha sauti ya programu, ile ya kike isiyo na haraka, ikasema: "Mapigo ya mtoto huyu yameshapokelewa leo."

Walikwenda zahanati siku hiyo hiyo. Mkunga, mama aliyezalisha nusu ya watu wa hapo, hakuwa na habari na simu. Alichukua kikombe chake cha mbao cha kusikilizia mtoto, akakiinamia tumboni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Yupo," alisema alipoinuka. "Namsikia. Lakini, shemeji, namsikia kama yuko chumba cha pili."

"Chumba gani tena?"

"Ningejua ningekwambia. Nendeni hospitali kubwa." Akatazama dirishani, mvua inamwagika, akakumbuka kuwa barabara imekatika. "Mkiweza," akaongeza.

Chaji alimrudisha mkewe nyumbani kitandani, kisha akatembea kwa miguu hadi ofisi ya mradi, iliyokuwa upande huu wa mto, akafika matope magotini, akasimama mbele ya msimamizi wake. Alisema yote, bila kujitetea. "Bosi, yule wa tanurini hayupo. Nilimbuni. Nikate mshahara, nifukuze ukitaka, ila mfute."

Msimamizi hakukasirika, na hilo ndilo lililomvunja moyo. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyetoka kwenye homa. "Kaa kwanza. Unaumwa?"

"Mfute."

"Unajua sisi huwa tunahakiki? Tunawapigia wateja mmoja mmoja. Huyo tumempigia mara mbili, amepokea mwenyewe. Anakusifu. Anasema una mikono ya upole."

"Ile namba ni ya mke wangu."

"Basi si umuulize mkeo."

"Simu ya mke wangu haijawahi kuita."

Msimamizi alivuta pumzi, akageuza kompyuta ili Chaji aone. Mahali pa nyumba palikuwepo kwenye ramani. Tarehe zote zilikuwepo. "Wewe unasema hayupo. Mashine inasema yupo, na ina ushahidi. Wewe una nini?" Kisha akabonyeza. "Sikiliza hii ya Jumanne. Mjini wameichezea wahudumu wote, kama mfano wa kazi safi."

Moyo wa mtoto ulijaa chumba kile kidogo, wa haraka, wenye nguvu, kama mtu anayekimbia kwenye mchanga. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke anayehema. Na nyuma ya mwanamke, karibu na kinasa sauti, mwanamume akasema kwa upole: "Hema taratibu, mke wangu. Usiogope."

Sauti ile ilikuwa ya Chaji mwenyewe. Maneno yale aliyasema, ni kweli, lakini aliyasemea chumbani kwake, usiku ule mkewe alipomwambia kuwa ana mimba, na simu ilikuwa imezimwa.

"Hatuwezi kufuta mtu kwa sababu umechoka," msimamizi alisema, naye alisema kwa wema. "Pumzika siku mbili. Wewe ndiye bora tuliye naye."

Wakati wa kurudi alipitia tanurini. Ilikuwa adhuhuri, mvua imekatika, jua kali, na alijiambia kwamba mchana kweupe mtu hawezi kutishwa na rundo la matofali. Mbele ya mdomo wa tanuri palikuwa pamefagiliwa. Aliona alama za ufagio udongoni, mbichi, zilizopinda kama anavyofagia mtu mwenye tumbo kubwa asiyeweza kuinama vizuri. Akanusa. Ilikuwa harufu ya udongo uliochomwa ukanyeshewa, harufu ya moto, na tanuri lile halikuwashwa tangu yeye hajaoa. Akaweka kiganja juu ya tofali na tofali lilikuwa na joto, si joto la jua, kwa maana alilishika upande wa kivuli, bali joto la ngozi, na chini ya joto hilo aliona kwa vidole, hakusikia kwa masikio, kitu kinachogonga haraka haraka, kama anayekimbia kwenye mchanga, na kabla hajaweza kuuondoa mkono simu mfukoni ikasema kwa ile sauti isiyo na haraka, "Umefika kwa mteja wako," na kutoka ndani ya giza la tanuri, hapo hapo karibu, chini kidogo, kama kwa mtu aliyekaa sakafuni ameegemea ukuta na miguu ameinyoosha, sauti ya mkewe, ya mkewe kabisa, ikasema bila hasira:

"Leo umekuja mwenyewe."

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka tu kwamba alipofungua mlango, harufu ile ilikuwa imeshatangulia. Ilitoka shingoni kwa mkewe.

Palikuwa na mwanamke mmoja sokoni, muuza mitumba, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini baada ya kufunga biashara. Hakuwa na makuu. Alikuja na mfuko wake, akafika kizingitini, akanusa, akakataa kuingia.

"Mama, karibu ndani."

"Hapa panatosha. Nieleze."

Alipoelezwa alitikisa kichwa. "Mwanangu, mimi nafukuza wavamizi. Jini aliyeingia nyumba isiyo yake nikimwambia toka, anatoka, kwa sababu mwenyewe anajua hana haki. Huyu wako ana nyumba. Ana namba. Ana miezi yake, na mwili umempa wewe mwenyewe. Ana na daktari mjini. Hata mimi sina daktari."

"Basi nifanye nini?"

"Mtoe kwa mlango uliomwingizia. Mimi sina mlango huo." Alichukua mfuko wake, na hela alizopewa akaziweka chini, hakuzigusa tena.

Mlango ulikuwa kwenye simu. Chaji na mkewe walikaa kitandani, bega kwa bega, wakaufungua. Programu ilimpa mhudumu njia tatu za kumfunga mjamzito: amejifungua, amehama, amefariki.

"Andika amefariki," mkewe alinong'ona.

"Vipimo ni vyako."

Tumbo la mkewe wiki hizo lilikuwa limepungua hadi gauni likamlegea, na mkono wake haukujaza tena mkanda wa presha. "Amehama, basi."

Chaji alibonyeza. Programu ikauliza: amehamia nyumba ipi? Ikatandaza orodha ya nyumba zake zote. Nyumba ya yule aliyejifungua mapacha. Nyumba ya bibi wa presha, aliyemwita mjukuu. Nyumba ya binti aliyeolewa juzi, ambaye mimba yake hata mama mkwe bado hajaambiwa. Kidole kilikaa hewani. Kilipanda, kikashuka, kikapanda.

"Nimpeleke kwa nani?"

Mkewe aliitazama orodha ile muda mrefu. Macho yake yalisimama kwenye nyumba ya yule binti, na Chaji aliona yalivyosimama, na yeye akaona kuwa ameonwa. "Izime," akasema. "Izime tusije tukawa watu wengine."

Kesho yake Chaji alirudisha simu, mkanda na kidude, akaweka sahihi ya kuacha kazi. Alidhani mtu akitoka kazini, kazi nayo inatoka kwake.

Uchungu ulikuja kwa siku zake, asubuhi, kama mimba yoyote ya watu wema. Mkunga alimpokea mkewe, akafunga pazia. Chaji alibaki kwenye benchi la nje na kanga za kumpokelea mtoto, na simu ndogo ya mkewe mapajani. Alisikia mkewe akiguna, mkunga akimhimiza, polepole, usisukume bado, haya sasa sukuma, mama, sukuma. Alijikuta na yeye anasukuma, meno yameumana. Akasikia kilio kirefu cha mkewe kikipanda hadi juu kabisa, kikakatika. Akangoja kile kingine kinachofuata. Ndani kukawa kimya.

Simu mapajani ikaita. Aliipokea kwa sababu vidole vilifanya hivyo vyenyewe.

"Hongera, mama," ilisema sauti isiyo na haraka. "Umejifungua salama. Mtoto wa kike. Kilo tatu. Msikilize."

Na mtoto akalia sikioni kwake, kwa hasira, kwa mapafu mazima, mtoto mwenye afya.

Mkunga alitoka akiwa anaitazama mikono yake. Ilikuwa mikavu. "Shemeji, sijui niseme nini. Kasukuma kama wanavyosukuma wote. Kisha tumbo likatulia kama godoro. Hakuna damu, hakuna maji. Hakuna mtoto." Akakaa kwenye benchi, mama yule, kwa mara ya kwanza watu kumwona amekaa kazini.

Nyuma yake mkewe akatokea, anatembea mwenyewe, wima, kiuno chembamba kama cha msichana. Alisikia kilio kile kwenye simu. Hakuuliza ni cha nani. Mbele ya gauni lake, pande zote mbili, maziwa yalitokeza, yakatanuka, yakaanza kudondoka.

"Nitakwenda ofisini," Chaji alisema. "Nitakwenda kwao mjini, nitalala mlangoni. Nitakwenda kule tanurini, nitalibomoa tofali kwa tofali, nita—"

Mkewe alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, kama anayepokea.

"Vipimo vyangu nilikupa unitunze," alisema. "Sikukupa uvigawe. Nipe mtoto wangu."