Aliyeitika kwa Jina la Kifungo

Saa kumi na mbili jioni ilimkuta buchani, akisubiri maini.

Muuza nyama alikuwa akimkatia vipande vidogo vidogo, kila kimoja ukubwa wa ncha ya kidole, kwani hivyo ndivyo vilivyokuwa chaki na ubao wa kazi yake. Mtaani walimwita Mwalimu. Walianza kwa utani, maana wanafunzi wake wote walikuwa na mikia, lakini utani ukazoeleka ukawa jina, na jina likaota heshima. Mbwa anayekimbia pikipiki, mtoto wa mbwa anayetafuna viatu, jibwa linalorukia kila mgeni, wote waliletwa kwake, na wengi waliondoka na adabu kuliko wenyewe waliowaleta.

"Darasa la leo lina wangapi?" muuza nyama alimtania.

"Watano. Mmoja mtoro."

Wakacheka. Simu ikaita.

Ilikuwa namba ya Mama Cherehani. Kicheko kilimkauka Mwalimu mdomoni. Kwa miezi saba alikuwa akimkwepa mama huyo. Akimwona mbele, anakata kona kama mdaiwa.

"Mwalimu," sauti ilinong'ona. "Kifungo amerudi."

Kisu cha muuza nyama kiliendelea kugonga gogo. Ko. Ko. Ko.

"Amerudi... lini, mama?"

"Leo siku ya nane. Yuko chini ya meza. Hali, hatoki. Njoo unisaidie kumtuliza, baba. Wewe ndiye unayemjua."

Mwalimu alimjua, tena sana. Kifungo alikuwa uani kwake, nyuma ya banda la tatu la mbwa, ndani ya gunia, chini ya udongo. Aliyemzika ni yeye.

Mama Cherehani alikuwa mjane, fundi wa nguo za wanawake, asiye na mtoto wa kumtuma hata chumvi. Alimwokota mtoto wa mbwa mtaroni. Alikuwa mweupe wote isipokuwa doa moja jeusi kwenye paji la uso, la mviringo kama kifungo cha koti, na jina likatoka hapo. Alikuwa mwoga ajabu. Mlango ukigongwa anajikojolea. Pikipiki ikipita anaingia uvunguni. Ngurumo ndiyo ilikuwa kiama chake.

Mwalimu aliijua dawa. Woga hautolewi kwa fimbo. Unamsogeza mbwa polepole kwenye kile anachokiogopa, kwanza kwa mbali, na kila anapothubutu unampa kipande cha ini na neno zuri. Unarudia. Unarudia tena. Siku moja anashtukia amekwisha kupita. Akamweleza mama hayo, akamwambia amwachie Kifungo mwezi mmoja, na wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri.

Kisha ikaja Jumamosi ya harusi ya binamu yake. Tangu asubuhi upepo ulinuka mvua, na Kifungo alilia bila kupumzika, kilio kile chembamba kinachoingia kwenye jino. Mwalimu alichoka. Akamfungia stoo, chumba cha bati chenye mlango wa mbao uliopakwa buluu, akapiga komeo, akaenda kuvaa.

Ngurumo ya kwanza ilipopasuka, alikuwa amekaa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki. Akasimama.

"Unakwenda wapi na chakula kinakuja?" mkewe aliuliza.

Akakaa.

Ngurumo ikapiga tena. Akanawa mikono. Ikapiga tena. Akatia tonge mdomoni. Hilo ndilo lililomla baadaye kama mchwa. Hakusahau. Kila radi ilipopiga alijua nani yuko wapi, na alikula hadi sahani ikang'aa.

Aliporudi, stoo ilikuwa kimya. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa umechimbwa mifereji ya kucha, kuanzia chini hadi pale mtoto wa mbwa akisimama anapofika. Kichwa kilikuwa kimesukumwa kwenye upenyo chini ya mlango. Hakikurudi ndani wala hakikutoka nje.

Kesho yake alichukua randa na msasa akalainisha ule mlango mpaka ukawa kama haujawahi kuguswa. Kwa Mama Cherehani akasema, "Amekata kamba, mama. Ngurumo ilimshtua akakimbia."

Mama alilia kwa namna ambayo Mwalimu hakuweza kuisimamia. Basi, ili tu apate njia ya kutoka mle ndani, akaongeza, "Mbwa hurudi. Mwite kila jioni saa ya chakula chake, mlangoni, kwa sauti ileile. Usikose hata siku moja."

Na mama hakukosa. Mtaa mzima ulimsikia. Mwanzoni watu walimhurumia. Baadaye wakamcheka. Mwishowe wakawa wanafunga madirisha mapema.

Sasa Mwalimu alitembea na mfuko wake wa maini, na moyoni alikuwa na tumaini moja la aibu. Labda ni mbwa koko tu, mweupe, mwenye doa. Akimwona atasema ndiye, huyu huyu, hongera mama. Na dhambi itazikwa mara ya pili, safari hii kwa baraka.

Alipoingia kwenye ule mtaa, kitu kilimsimamisha.

Kimya.

Mtaa ule ulikuwa na mbwa wanne. Aliwafundisha watatu kati yao, na hakuwahi kupita bila kubwekewa salamu. Sasa kila mmoja alikuwa amejibana kwenye kona ya mbali kabisa ya ua wake. Jike kubwa la duka la kona, ambalo halikuogopa hata malori, lilikuwa limeweka pua ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mkojo ulitiririka kati ya miguu yake.

Mbwa akiogopa hubweka. Akiogopa sana, hunyamaza. Mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Angegeuka pale pale.

Lakini Mama Cherehani alikuwa tayari mlangoni, akimpungia.

"Ingia polepole," alinong'ona. "Taa sijawasha. Hapendi mwanga."

Chumba kilikuwa kilekile. Cherehani dirishani, pasi kwenye kigoda, magauni yasiyo na mikono yakining'inia ukutani kama watu waliochoka. Katikati ilikuwa meza ya kukatia nguo, na juu yake kitambaa cheusi kilichoshuka pande zote hadi sakafuni. Mbele yake palikuwa na bakuli la chakula lililojaa, limeanza kuota ukungu.

Na ile harufu... manyoya yaliyolowa, na udongo uliotoka kuchimbuliwa. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili.

"Umemwona, mama? Umemwona kwa macho?"

"Alipoingia kulikuwa na giza. Nilisikia tu kucha sakafuni. Anakwaruza usiku kucha. Nikimwita, anapiga mkia."

Akainama kidogo, akaita kwa upole, "Kifungo..."

Chini ya meza kitu kikapiga sakafu. Pu. Pu. Pu.

Mwili wa Mwalimu ulijua kazi na ukaifanya bila kumuuliza. Alijilaza sakafuni kwa ubavu, akaipa meza mgongo, kwani mbwa mwoga hatazamwi usoni. Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na kipande cha ini katikati. Akangoja, huku akisikiliza.

Mbwa mwenye woga huhema haraka. Hilo ni la kwanza kusikilizwa.

Hakikuwa kikihema.

Dakika ilipita. Kitambaa kikasogea. Kitu baridi, chenye unyevu, kikagusa ncha za vidole vyake, kikapanda hadi kiganjani, kikakaa pale. Mwalimu aliuma meno. Kisha kikaondoka. Akavuta mkono taratibu akautazama kwenye mwanga mdogo wa dirishani.

Ini lilikuwepo vilevile. Juu yake palikuwa na kibanzi cha mbao.

Cha buluu.

Alikaa kitako. Mama Cherehani alikuwa amechuchumaa karibu naye, mikono kwenye magoti, akimtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Mwalimu, nikuulize wewe mtaalamu," alisema chini kwa chini. "Mbwa akiitwa... huitika?"

"Hubweka, mama. Au huja."

"Huyu huitika. Siku ya kwanza aliyoitika, kabla hajaingia humu, alikuwa mbali, kule bondeni. Ilikuwa kama mlio tu. Nikafurahi, nikamsifu, nikamwekea chakula nje. Kesho yake akasikika karibu zaidi, na ule mlio ukawa na umbo. Nikamsifu tena. Kila siku kidogo kidogo, kama ulivyonifundisha. Sasa... sasa anasema."

"Anasema nini?"

Mama alitazama kile kitambaa cheusi. Mwalimu akaona kwamba mama huyu hakuwa mjinga hata kidogo. Kwa siku nane alikuwa amekaa na hofu yake chumba kimoja, na alikuwa amevumilia kwa sababu alidhani ni wake. Alidhani ni mtoto aliyerudi akiwa ameharibika, na mtoto hafukuzwi kwa kuharibika.

Hapo ndipo uongo ulipomshinda uzito.

"Mama," alisema. "Kifungo alikufa."

Mkia chini ya meza ukanyamaza.

"Alifia kwangu, Jumamosi ile ya mvua. Nilimfungia stoo nikaenda harusini. Nikasikia ngurumo nikakaa. Nilimzika mwenyewe. Habari ya kamba niliitunga."

Mama Cherehani hakulia. Alibaki amechuchumaa vilevile, kama mtu anayehesabu mishono. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Kwa hiyo miezi saba hii... nilikuwa namwita nani?"

Kisha kutoka chini ya meza, kwa taratibu, kwa sauti ya kitu kilichofanya mazoezi sana ili kisikosee...

"Abee."

Mwalimu hakumbuki walivyotoka. Anakumbuka alimshika mama mkono, na kigoda kikaanguka na pasi yake. Anakumbuka kwamba nyuma yao hakuna kilichowakimbiza. Hilo lilimtisha zaidi kuliko kama wangefukuzwa. Mama alilala kwa dada yake usiku ule. Njia nzima hakumsemesha.

Asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali, Mwalimu alirudi na vijana wawili wa useremala na nyundo zao. Waliinua kitambaa. Chini ya meza palikuwa na udongo mbichi, umesambazwa mviringo kama kitanda. Hapakuwa na kingine.

Kisha Mwalimu akafanya jambo lililomgharimu. Alimwita Mama Cherehani nyuma ya banda la tatu, akachimba mbele yake. Mkewe alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akiangalia, akielewa polepole. Gunia lilikuwepo. Ndani yake mifupa midogo ilikuwepo yote, na manyoya machache meupe. Hakuna kilichokuwa kimetoka pale.

"Si yeye, basi," alisema mama.

"Si yeye."

"Afadhali. Kumbe alitulia tangu siku ile." Akalikunja gunia kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akaondoka nalo. Mwalimu alibaki ameshika jembe. Kama si Kifungo, kile kibanzi kilitoka wapi? Na ni nani anayekaa huko bondeni jioni, akisikiliza majina ya watu wengine, akingoja jina lisilo na mwenyewe?

Hakupata wa kumwuliza. Aliendelea na kazi, maana mbwa hawangoji mtu amalize huzuni. Alivunja ile stoo, akachoma mlango. Watoto wa mbwa aliwafundisha mchana tu. Mkewe alisema naye mambo ya lazima: chumvi, ada ya shule, kuni. Usiku Mwalimu alilala macho, akirudia moyoni maneno atakayomwambia Mama Cherehani. Aliyapanga vizuri. Kila asubuhi yalipotea.

Wiki ya tatu, mama alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya uzio wa waya, mkoba kifuani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Mwalimu. Jana jioni ulikuja kwangu?"

"Hapana, mama. Jana sikutoka."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilokwisha kulijua.

"Kuna mtu alibisha hodi. Kwa sauti yako. Ile ile, hata kikohozi chako. Nikauliza kuna nini. Ikasema, 'Nisamehe, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Nifungulie.' Ikalia, Mwalimu. Ililia vizuri, mpaka na mimi nikalia. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo."

"Ukafungua?" Mwalimu alishika waya.

"Sikufungua." Akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya kaburi. "Nilikumbuka kwamba wewe hujawahi kuniomba msamaha. Ulinieleza, ukanionyesha, ukachimba. Lile neno lenyewe hukulisema. Nikajua si wewe."

Mbwa watano mabandani walikuwa wamenyamaza, wakiwasikiliza. Mwalimu alihisi maneno yote aliyoyapanga usiku kwa usiku yakimpanda kooni kwa pamoja, safari hii bila kupotea hata moja. Akafungua mdomo.

Mama Cherehani aliinua kiganja haraka, kama anayezuia kofi.

"Usiseme," alinong'ona. "Nakusihi, baba. Ukishasema leo, kesho ikibisha nitawatofautishaje?"

Akageuka akaondoka, akitembea katikati ya barabara, mbali na kuta. Mwalimu alibaki kwenye uzio, mdomo wazi, neno likiwa limemkaa kooni hadi leo.