Shimali ya Kaka Marhoon

Safari ile iliharibika wakiwa bado garini. Gari la Marhoon lilipanda jiwe katikati ya wadi, bonde la mto mkavu lisilo na njia zaidi ya kokoto na mawe, likashuka kwa kishindo, na oili yote ikamwagika chini. Nunu, dada yake, alikuwa amekaa kiti cha mbele na kikapu cha chakula mapajani. Alikwisha sema njiani, mara mbili, kwamba mwendo ule si wa mawe yale, na mara zote mbili aliambiwa anywe chai yake.

Marhoon akateremka, akachungulia uvunguni, akasimama, akachungulia tena kana kwamba oili ingerudi yenyewe. Kisha akapanda kilima cha karibu ambako simu ilishika mtandao kidogo, akapiga gereji anayoizoea Wadi Kabir, mjini Maskati. Wakamwambia gari la kukokota litafika saa sita. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi wa Aprili, na mawe yalikwisha anza kupata moto.

Nunu akashauri wangoje pale pale kivulini mwa gari, maji si wanayo. Kaka yake akafungua mkoba wa upinde.

Ilikuwa Jumamosi yao ya tatu ya kuwinda. Marhoon alikuwa mstaafu wa jeshi, mtu wa miaka sitini na mitatu. Ujanani alipelekwa kusoma Marekani, na huko jirani mmoja alimfundisha kuwinda kwa upinde katika nyika kavu ya vichaka vya kijivu vinavyonuka kama dawa, wanakokaa kulungu wenye masikio marefu kama ya punda. Tangu arudi Maskati, hapakuwa na harusi wala matanga ambako kulungu yule hakutajwa. Lakini kuwinda wanyama wa porini huku ni marufuku, na Marhoon ni mtu wa sheria, kwa hivyo upinde ulikaa juu ya kabati mwaka baada ya mwaka, mpaka siku Msellem, mfugaji wa milima ile, alipomlalamikia juu ya beberu wake. Beberu huyo alitoroka zizini miaka minne nyuma, akageuka wa mwitu kabisa, na kila akishuka huondoka na majike mawili matatu. Msellem akasema amechoka naye, atakayempata amchukue. Usiku ule Marhoon hakupata usingizi.

Mkewe alikataa kufuatana naye. Wanawe walikuwa na shughuli zao. Akabaki Nunu, mjane, mwalimu wa chuo cha Qur'ani, ambaye macho yake yalikuwa bado makali, akaombwa ashike darubini. Mara ya kwanza alikubali kwa huruma, ya pili kwa mazoea. Hii ya tatu hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

Upinde si bunduki. Lazima umsogelee mnyama hatua thelathini, upepo ukupige usoni, usikohoe, usiteleze. Beberu walimwona saa tatu, amesimama juu ya jabali na ndevu zake zinapepea. Marhoon akavua viatu, akatambaa kwa soksi juu ya changarawe nusu saa nzima. Alipobakisha hatua arubaini upepo ukageuka. Beberu akainua kichwa, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni asiyealikwa, akaondoka bila ya haraka. Mara ya pili jiwe liliporomoka chini ya goti la Marhoon. Chupa ya kwanza ya maji ikaisha, na ya pili ikaifuata.

"Kule Marekani," Marhoon akaanza, anajipangusa jasho.

"Kule Marekani mlikuwa na mbuzi wa Msellem?"

"Nnakueleza upepo, Nunu. Kule upepo una saa zake."

"Hapa hauna. Turudi garini, kaka."

Hawakurudi. Karibu na saa tano beberu alijilaza chini ya mgunga, na safari hii upepo ulitulia. Nunu, kwenye darubini, aliona midomo ya kaka yake ikisema bismillahi, mkono ukivuta, mshale ukitoka. Aliona pia mnyama akiinuka sekunde ile ile. Mshale ukampiga nyuma, tumboni, mahali ambapo hakuna mwindaji anayependa kupiga. Beberu akaruka na mshale wake, akapotea upande wa pili wa kilima.

Walifuata matone ya damu zaidi ya saa nzima. Wakavuka kilima, wakateremka kwenye korongo ambalo Nunu hakuwahi kulikanyaga, kuta zake ndefu, mawe yake yanaunguza viganja. Chini kabisa wakakuta birika la mwamba, maji yake si mapana kuliko jamvi la chumbani. Hayo ndiyo maji pekee ya korongo zima, na ndani yake alikuwamo beberu, kichwa chini, amekwisha kufa.

Nunu akakaa juu ya jiwe. "Amekufa maji, kaka."

"Amekufa kwa mshale wangu."

"Huenda kwa mshale, huenda kwa maji. Hujui wewe na sijui mie. Windo lililokutwa limezama haliliwi, na hilo nalisomesha chuoni kila mwaka."

Marhoon alilijua hilo vizuri kama yeye. Halafu wote wawili, pamoja, wakayatazama maji. Tumbo la mnyama lilipasuka, na uchafu wa kijani ulikuwa ukitambaa polepole mpaka pembezoni. Chupa iliyobaki ilikuwa nusu. Maji ya kuwaokoa walikuwa wameyaharibu kwa mkono wao wenyewe.

"Basi mshale siuachi," akasema Marhoon.

Nunu akamwambia auache. Akamwambia tena. Marhoon akaingia majini mpaka magotini, akaushika mshale uliotokeza ubavuni, akauvuta kwa hasira zake zote za Jumamosi tatu. Chembe ya mshale ule, yaani ncha yake, ilikuwa na makali matatu kama nyembe. Mguu ukateleza kwenye utelezi wa mwamba. Akaanguka chali, mshale ukachomoka, na makali yakampasua shavu la mguu wa kulia kutoka karibu na goti hadi chini.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mshangao, "Ee, Nunu."

Nunu akamkokota nje kwa makwapa. Akamvua kilemba, akakizungusha juu ya jeraha, akakaza kwa goti lake mpaka vidole vikamuuma, akaupandisha mguu juu ya jiwe. Damu ikapungua, lakini haikukoma. Ilikuwa ikitokeza kitambaani pole pole, doa linakua. Hapakuwa na mtandao wa simu. Marhoon alikuwa mtu mkubwa, na Nunu asingeweza kumbeba hata hatua kumi. Mtu wa kuleta msaada alikuwa ni yeye, na asipouleta kabla ya magharibi kaka yake atamalizikia pale.

Kurudi kwa njia waliyokuja, juu ya kilima na jua lile, asingeweza. Marhoon aliyajua makorongo yale kwenye ramani. Akasema, pumzi fupi fupi, "Shuka na korongo hili hili. Mbele utakuta njia panda. Shika shimali. Dakika ishirini, umefika kwenye gari."

"Shimali."

"Shimali," akarudia, na akainua mkono wake wa kushoto.

Nunu akadhani anataka maji. Akamtilia chupa mkononi, akaifungua kifuniko, akamwambia anywe kidogo kidogo. Yeye akaenda bila ya maji.

Akafika njia panda saa nane kamili. Jua lilikwisha anza kuinama mbele yake, likampiga usoni, na kwa jua hilo akapima. Magharibi kule mbele. Shimali basi ni mkono wa kulia. Katika nyumba ya bibi yake Pemba, alikolelewa mpaka miaka kumi na miwili, shimali ndiko kaskazini, unakotoka upepo unaokausha nguo. Akashika kulia bila ya kusita.

Korongo lile likaanza kwa upole kisha likawa la hila. Mawe yakazidi ukubwa, akawa anapanda kwa mikono. Ulimi ukamganda kinywani. Baibui likanasa kwenye miba, akalipandisha, likanasa tena, akalifunga kiunoni. Dakika ishirini zikapita, zikawa arubaini. Akajiambia kaka yake huwa anahesabu kwa miguu ya kijeshi. Zikawa sitini. Hapo korongo likakatika. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mwamba, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, laini, hauna pa kushika.

Nunu akaupiga ukuta ule kofi. Akaupiga la pili. Mkono ukamuuma, ukuta ukabaki vile vile. Alitaka kulia na machozi hayakutoka, maji yenyewe yalikwisha mwilini.

Ndipo akasikia honi. Ndefu, ya gari kubwa, mbali sana, na haikutoka mbele wala juu. Ilitoka nyuma yake.

Akageuka. Marhoon hakosei ramani, hilo alilikubali. Basi amekosea nini? Akauona tena mkono ule wa kushoto ulioinuliwa, ambao yeye aliutilia chupa. Akawakumbuka madereva wa teksi wa Mutrah: yamini kwa kulia, shimali kwa kushoto, wanavyoulizana kwenye mizunguko. Miaka thelathini kaka yake amekula na kulala na Kiarabu cha kambini. Kwake yeye shimali ni mkono. Kwa Nunu shimali ni upande wa dunia. Wamezaliwa tumbo moja, na kwa neno moja yeye ametembea saa nzima kwenda pasipo na kitu, huku mwenzake anavuja damu.

Hasira ndiyo iliyomrudisha. Alishuka mawe yale akinung'unika, mara kwa Marhoon, mara kwa kulungu wa Marekani, mara kwa nafsi yake ambayo haikuuliza swali dogo tu. Magoti yalikuwa yakitoka damu, hakuyatazama. Njia panda alisimama. Kwa kaka yake kulikuwa nusu saa. Roho ilimvuta aende akamwone kama yu hai. Lakini angekwenda na mikono mitupu. Akashika lile korongo la kushoto, na mara hii akakimbia.

Dereva wa gari la kukokota alikuwa amekwisha washa injini aondoke. Alikuwa Mtanzania wa bara, jina lake Kasiani, kijana wa mabega mapana, na alikuwa amenuna.

"Mama, nimepiga honi mpaka nimechoka. Gari lipo, watu hawapo. Nikasema khalas, hawa wamepata lifti."

"Uliambiwa saa sita ukaja saa tisa," Nunu akasema kwa sauti iliyokwaruza, "kwa hivyo tusilaumiane. Maji."

Akanywa chupa nzima amesimama, kisha akamweleza. Uso wa Kasiani ukabadilika. Akakimbilia kilimani akapiga simu ya dharura, na alipoulizwa mahali akamwita Nunu aseme mwenyewe. Nunu akasema kwa Kiarabu, polepole, na kila penye kona akataja jua, ukuta, rangi ya mawe. Neno la mkono hakulitumia hata mara moja. Gari la wagonjwa, wakaambiwa, litafika mpaka kwenye mdomo wa wadi. Mgonjwa itabidi wamlete wao.

Walimkuta Marhoon saa kumi na moja na nusu. Chupa ilikuwa tupu, kilemba kimekuwa cheusi, midomo imepasuka. Alikuwa akimwamuru mtu asiyekuwapo afunge lango. Nunu akamlowesha midomo kwa kidole, tone tone, halafu kifuniko, halafu vifuniko viwili, mpaka macho yakamtambua.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikwenda shimali."

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

"Shimali ya jua, kaka. Kaskazini. Nimekwenda mpaka ukutani."

Kasiani alikuwa akikaza kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, naye akainua kichwa asikilize.

"Mie nilikusudia mkono," Marhoon akasema mwisho.

"Nimejua sasa."

"Ungeuliza."

Nunu aliuweka mkono wake juu ya kifua cha kaka yake, na Marhoon akaona vidole vilivyochubuka na magoti yaliyolowa damu kupitia nguo. Akafumba macho. "Ningesema kushoto," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Kasiani akamtwika mgongoni kama gunia, akamfunga kwa mkanda wa kukokotea magari ili asiteleze. Walipumzika kila baada ya hatua mia. Mzee alikuwa mzito, na Kasiani hakuficha. Alisema amebeba injini nyepesi kuliko yeye, na Marhoon, kichwa begani kwake, akamwomba radhi, jambo ambalo Nunu hakuwahi kumsikia akimfanyia mtu.

Walipofika njia panda jua lilikuwa limezama na kuta za korongo zote zilikuwa rangi moja. Kasiani akasimama, anahema.

"Wapi sasa?"

Marhoon akafungua kinywa. Ilikuwa mazoea ya miaka thelathini ya kuongoza watu. Akamtazama dada yake, akakifunga. Nunu akapita mbele, akaanza kutembea, na wanaume wawili, mmoja mgongoni mwa mwenzake, wakamfuata.

Taa za gari la wagonjwa waliziona kwa mbali kwenye mdomo wa wadi. Wauguzi wawili wakaja na machela, wakamlaza, wakamtia sindano ya maji mkononi. Mmoja, karatasi mkononi, akamwinamia Marhoon akamuuliza ajali ilivyotokea, na alijeruhiwa lini, na kwa kitu gani.

"Muulize dada yangu," Marhoon akasema. "Mie leo nimesema vya kutosha."

Muuguzi akageuka, kalamu tayari. Nunu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, viatu amevivua.

"N'takueleza yote," akasema. "Lakini keti kwanza, mwanangu, na kila neno usilolifahamu niulize hapo hapo."