Mshono wa Mkoba wa Daktari

Siku ya mwisho ya likizo, saa moja asubuhi, Daktari alitungua mkoba wake kwenye ndoano ya mlango akaona mwanga wa dirisha unapita chini yake. Kitako kilikuwa wazi. Kufuli dogo la zipu lilikuwa limefungwa vilevile, ufunguo wake uko shingoni mwa mwenyewe, na simu ya bei mbaya imo bado katika mfuko wa ndani. Pasipoti haimo. Na kesho yake Daktari alikuwa apande ndege kwenda ng'ambo, kufanya kazi huko moja kwa moja.

Afande alikuwa bado amelala. Katika maisha yake yote ya upelelezi alikuwa ameomba wiki hii moja tu: kisiwa, marafiki zake watatu wa tangu shule, na asubuhi zisizo na mtu wa kuulizwa alikuwa wapi. Alipoamshwa, alikaa kitandani akiitazama miguu yake. Kazi ilikuwa imemfuata hata huku, na alichoka kabla hajasimama.

"Tuko wanne na Mjomba," Mwalimu alisema. "Mwingine nani?"

Mjomba alikuwa mtunza nyumba, mtu mzima aliyewapikia na kuwafagilia wiki nzima, naye alikaa katika chumba cha nyuma ya jiko. Afande alikwenda huko moja kwa moja, kama mguu unavyojiendea njia uliyoizoea. Alipindua godoro, akafungua sanduku, akaingiza mikono katika mifuko ya koti. Mjomba alisimama mlangoni na ufagio wake. Pasipoti haikuwamo, lakini Mwalimu alikuwa ameshampigia simu mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa ameshakata shauri: Mjomba apande boti ya saa sita na asirudi. Chumba kile ndicho kilichokuwa kwake. Pengine pa kulaza ubavu hakuwa napo. Mnyonge hangojewi ushahidi.

Afande aliona haya, kisha akaanza upya, safari hii kwa akili. Kwenye shuka za Daktari aliona mchanga, na Daktari hapandi kitandani kabla ya kuoga. Akamwita Mwalimu kando.

"Jana mchana nililala humo," Mwalimu alikiri.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unakoroma, Afande. Tangu tufike sijapata usingizi. Tulikubaliana tusikwambie."

Afande alilimeza hilo kama kidonge. Akauliza habari za mkoba. Mwalimu alisema aliutungua akaufanya mto; ulikuwa mzima, na jalada gumu la pasipoti lilimchoma sikio muda wote. Aliamshwa na honi ya boti ya alasiri, saa kumi, akaurudisha kwenye ndoano, akawafuata wenzake baharini.

Boti ile ndiyo aliyoondoka nayo Mjomba kwenda kuchukua maji ya kunywa na mkaa. Alirudi giza limeshaingia, na kutoka hapo hadi Daktari alipojifungia kulala, wote wanne walikuwa pamoja barazani, wakimwona jikoni. Kwa hiyo mkoba ulifunguliwa kabla ya magharibi, na yeye hakuwepo. Waliokuwepo walikuwa majini wote, isipokuwa mmoja aliyeaga mapema akisema chumvi inamwasha.

Afande aliugeuza mkoba, akautazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ngozi haikuwa hata na mkwaruzo. Uzi ndio uliokatwa, tundu kwa tundu, na vipande vyake vimenyofolewa vyote. Mwizi mwenye haraka hupasua. Huyu alikuwa amefumua.

Akawakusanya barazani. Mjomba alikuwa ameshatoka na begi lake, amelikalia, anangoja boti. Daktari alikuwa ameegemea nguzo. Fundi, rafiki yao wa nne, mshonaji wa nguo, alikuwa na kikombe mkononi.

"Fundi," Afande alisema, "kwa nini hukuupasua tu?"

Fundi alikunywa funda moja. "Nilijaribu. Mkono ukakataa. Ngozi nzuri kama ile."

Alikwenda akaleta kapu lake la ufukweni, akafumua bitana kwa wembe, akaitoa pasipoti. Alisema angeirudisha ndege ikishaondoka. Tangu amzike mumewe, Daktari ndiye aliyepita kwenye cherehani yake kila jioni akitoka kazini, akakaa, wakapiga soga hadi wakati wa kufunga.

"Nyinyi mna waume, mna watoto," alisema. "Mimi jioni yangu ni huyu."

"Si ungeniambia nisiende?" Daktari alisema.

"Ungebaki?"

Daktari aliipangusa pasipoti kwa kanga yake, mbele na nyuma. "Hapana."

"Haya basi."

Afande alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimchosha zaidi. "Hayo ni yenu wawili," alisema. "Lakini mtu mzima anafukuzwa kwa ajili yako, na wewe unakunywa chai aliyokupikia."

Hapo ndipo Fundi alipolia. Aliomba simu, akampigia mwenye nyumba, akasema kwa kinywa chake kwamba mwizi ni yeye. Mwenye nyumba alinung'unika, kisha akasema vyema, mzee abaki.

Afande aliteremka ngazi, akainama kulichukua lile begi ili alirudishe chumbani. Mjomba alilishika yeye mwenyewe.

"Mambo yameisha," Afande alimwambia. "Unabaki, Mjomba."

"Nimesikia, mama. Nashukuru." Alilitupia begani begi lake. "Ila siku zote hizi mkiniita Mjomba, na mimi nikaitika."

Mjomba akazunguka nyuma ya jiko, chumbani kwake. Boti ilikuwa inakaribia, Afande akaenda kufunga mizigo.