Moshi Uliokula Herufi

Watu wengi mtaani hawakulijua jina lake halisi. Walimwita Mwandiko, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango na kuta za maduka. Ukiona mahali pameandikwa KINYOZI au VIFAA VYA UJENZI kwa herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride, ujue Mwandiko amepita hapo.

Alipiga mstari kwa uzi na chaki, akachovya brashi, akashusha herufi moja baada ya nyingine. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Wapita njia walisimama kumtazama kama wanavyotazama mpira.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, karibu na dirisha. Utotoni hakupata shule, lakini mwaka huo alikuwa amejiunga na darasa la kusoma la watu wazima. Darasa lilikuwa alasiri, katika chumba nyuma ya zahanati. Tangu aanze, kila neno aliloliona njiani alilisoma kwa sauti.

"Mke wangu," Mwandiko alimtania, "ukisoma kila ukuta hatutafika sokoni."

"Niache nisome," mkewe alijibu. "Kwani wewe unawaandikia mbuzi?"

Walicheka wote wawili. Nyumba yao ilikuwa na kicheko.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilochekesha. Mwandiko alivuta bangi. Alianza kama mzaha, pamoja na rafiki yake aliyeitwa Bomba, fundi wa mabomba ya maji. Mwanzoni walivuta jioni mojamoja. Baadaye ikawa kila jioni. Baadaye tena Mwandiko akawa anavuta asubuhi kabla ya kazi.

"Inatuliza mkono," alisema.

"Mkono wako ulikuwa umetulia tangu zamani," mkewe alisema. "Ndiyo maana nilikupenda. Siku hizi unakohoa kila asubuhi. Ninakwambia jambo saa hii, baada ya muda mfupi umesahau."

"Ni majani tu, mama. Mungu ameyaotesha."

"Na upupu je? Si umeoteshwa na Mungu huyohuyo? Mbona hujipaki?"

Mwandiko akachukua ngazi yake, akatoka.

Kisha herufi zikaanza kupotea. Bango la VIATU liliandikwa VATU. Fundi viatu alisema si neno, I ikachomekwa kwa shida. Mwandiko alilaumu jua kali. Siku nyingine alisahau kufunika kopo la rangi, rangi yote ikakauka. Siku nyingine aliandika mstari mmoja mara mbili, hakuona mpaka alipoonyeshwa.

Kisha akaandika ukuta wa mwoka mikate. Mwoka mikate alitaka maneno MIKATE YA MOTO. Mkewe Mwandiko alipita pale akielekea darasani. Akasimama kusoma, kama kawaida yake.

"Mi-ka-te ya m-to-to," alisoma. Akarudia. Akafuata herufi kwa kidole hewani. Alijua hajakosea yeye.

Wateja walikuwa wanacheka. "Leo mmeoka mtoto wa nani?" mmoja aliuliza. Mwoka mikate hakucheka.

Jioni mkewe hakupiga kelele. Alisema kwa upole, "Mume wangu, leo nimesoma ukuta wako vizuri. Ningefurahi sana kama mimi ndiye niliyekosea."

Maneno hayo yalimchoma Mwandiko kuliko matusi. Usingizi ulimruka usiku ule. Aliona aibu. Lakini aibu haikumwondolea hamu ya kuvuta. Kesho yake alipokwenda kurekebisha ukuta, alimtafuta kwanza Bomba, nyuma ya ghala la mwoka mikate.

"Ile ya kawaida imeadimika," Bomba alisema. "Hii ni ya pakiti. Wanaiuza waziwazi, wanaiita ubani wa kufukizia nyumba. Tazama pakiti ilivyo nzuri."

Pakiti ilikuwa inameta, ina picha ya ua. Chini kulikuwa na maneno madogo. Mwandiko, mtu aliyekula na kuvaa kwa herufi, hakuyasoma.

"Mimi nilivuta kidogo jana," Bomba akaongeza. "Moyo ulinienda mbio, lakini hali ikapita."

Walisokota. Bomba alivuta mara moja, akakunja uso, akampa mwenzake. Mwandiko akavuta yote iliyobaki, akatia mfukoni pakiti nyingine aliyopewa na Bomba. Kisha akapanda ngazi.

Hakufika mbali. Mstari wa chaki ulianza kutambaa kama siafu. Herufi zilishuka ukutani, zikamjia. Moyo ulidunda mpaka akausikia masikioni. Mdomo ukakauka. Mwoka mikate alisimama chini, ameshika kisu cha kukatia mikate.

"Bwana Mwandiko, kuna nini?"

Mwandiko aliona kisu tu. "Unataka kuniua!" alipiga kelele. "Nyote mnataka kuniua!"

Mguu ukateleza. Akaanguka, akaangukia mkono wa kulia. Hakusikia maumivu. Aliinuka akakimbilia ndani ya ghala, akajibana katikati ya magunia ya unga. Alitapika. Kisha mwili ukakakamaa, akaanza kutetemeka mzimamzima, macho yamegeuka juu.

Mwoka mikate aliitupa aproni, akakimbia zahanati. Muuguzi alikuja mbio. Alikuwa mama wa makamo, jirani yao, ukuta mmoja na nyumba ya Mwandiko. Nyuma yake alikuja mkewe Mwandiko, kalamu ya darasani bado mkononi.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Kila mmoja alikuwa na dawa yake.

"Mpeni maziwa!"

"Mmwagieni maji ya baridi!"

"Mtieni kijiko mdomoni, asijing'ate!"

"Msimtie chochote mdomoni," muuguzi alisema. "Atapaliwa. Msimshike kwa nguvu. Ondoeni vitu asije akajigonga. Nyinyi wengine tokeni, apate hewa."

Alimkunjia kanga chini ya kichwa. Mtetemeko ulipokoma, alimlaza kwa ubavu ili matapishi yatoke nje. Kisha akamgeukia Bomba, aliyekuwa amesimama kando kama mti uliopigwa radi.

"Kaka, amevuta nini?"

Bomba alitazama chini. Aliogopa polisi. Aliogopa macho ya shemeji yake.

"Sema," muuguzi alisema. "Hapa sitafuti wa kumfunga. Natafuta namna ya kumwokoa. Mkificha, daktari atafanya kazi gizani."

Bomba akatoa pakiti mfukoni.

"Vizuri," muuguzi alisema. "Hii tunakwenda nayo hospitali."

Mwoka mikate aliwasha gari lake la kusambazia mikate. Mwandiko alilazwa kati ya trei tupu. Mkewe alimshika mguu njia nzima, kana kwamba akiuachia mumewe ataruka.

Hospitalini daktari alimpa dawa ya kuzuia mtetemeko, akamtundikia dripu. Alipima moyo, akapima damu kuona hali ya figo. Mkono haukuvunjika, ila ulikuwa umeteguka na kuvimba. Mke aliambiwa asubiri kwenye benchi. Muuguzi alikaa naye.

Pakiti nyingine ilikuwa imetolewa katika mfuko wa suruali ya Mwandiko, ikapewa mkewe pamoja na nguo. Alikaa nayo mkononi. Akaanza kusoma yale maneno madogo ya chini. Alisoma polepole, silabi kwa silabi.

"I-si-tu-mi-we na bi-na-da-mu."

Kisha akasoma tena.

"Dada," alimwambia muuguzi, "wameandika. Wameandika wenyewe kwamba isitumiwe na binadamu!"

"Ndiyo. Wanaandika hivyo ili kesi ikija waseme, sisi tulionya. Lakini wanajua fika nani ananunua na kwa nini."

Mkewe Mwandiko aliikunja pakiti, akaikunja tena. Machozi yakamtoka.

Asubuhi Mwandiko alifumbua macho. Alimwona mkewe, akamwona muuguzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Nitaandika tena?" aliuliza.

"Daktari anasema utapona," muuguzi alisema. "Mkono si tatizo kubwa. Una bahati, kaka yangu. Wapo wanaovuta kitu hiki na moyo ukasimama. Wengine wanapata kiharusi. Wengine figo zinaharibika."

"Kwa bangi?"

"Hii si bangi. Ni bangi bandia. Watu huchukua majani makavu yoyote, wakayapulizia kemikali zilizotengenezwa na watu. Kemikali hizo zinaweza kuwa na nguvu mara nyingi kuliko bangi. Tena hazipuliziwi sawasawa. Huku kidogo, kule nyingi. Pakiti ileile, mwenzako amevuta mara moja akabaki amesimama, wewe umevuta ukaanguka. Na leo wanatia kemikali hii, kesho nyingine. Hata anayekuuzia hajui anachokuuzia."

Mwandiko alivuta pumzi. "Basi nitarudi kwenye ile ya shamba. Ile haina neno."

Mkewe aliinua kichwa ghafla, lakini muuguzi alimgusa bega.

"Nikuulize," muuguzi alisema. "VATU ni neno gani?"

Mwandiko aligeuzia uso ukutani.

"Na mikate ya mtoto?"

"Mtaa mzima unajua?" Mwandiko aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtaa una macho, kaka. Siku zile ulivuta ya shamba. Bangi inagusa kumbukumbu. Inapunguza umakini. Inachelewesha mkono na macho kufuatana. Mtu wa ngazi, mtu wa gari, mtu wa mashine, wote wako hatarini. Moshi wake unaudhi mapafu, ndiyo kikohozi chako cha asubuhi. Na kuna watu inawavuruga akili. Wanasikia sauti zisizokuwapo, wanaona kila mtu adui. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayeanza akiwa kijana, maana ubongo bado unakua. Mama mjamzito akivuta, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo."

"Lakini mzee fulani kule sokoni anavuta miaka yote, yuko salama."

"Huenda. Si kila anayevuta atapata haya yote. Lakini hakuna anayejua mapema nani atapata. Ukivuka barabara umefumba macho ukafika ng'ambo, je, utamfundisha mwanao avuke hivyo?"

Mwandiko alitikisa kichwa. Akasema, "Nimejaribu kuacha, dada. Kimyakimya. Nikashindwa. Nilikuwa na hasira, nikakosa usingizi. Nikadhani mimi ni dhaifu."

Mkewe alishangaa. Hakujua kwamba aliwahi kujaribu.

"Si udhaifu," muuguzi alisema. "Mwili ulizoea. Ukiacha, unadai. Usingizi unaruka, jasho linatoka, chakula hakipiti, ndoto zinakuwa kali. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi. Kisha inapungua, wiki baada ya wiki. Wengi hushindwa kwa sababu wanajaribu peke yao. Zahanati kuna mshauri. Njoo. Hatakusema, hatakutangaza."

"Nitakwenda naye," mkewe alisema.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza nyumbani Mwandiko alikuwa kama mbogo aliyejeruhiwa. Alikasirika kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Alikasirika kwa sababu ilipoa. Mkewe alivumilia, lakini siku moja alisimamisha cherehani.

"Nimeolewa na wewe, sikuolewa na hasira zako," alisema. "Ukiona zinakuja, toka nje utembee. Ukirudi tutaongea."

Mwandiko alitoka, akatembea. Alirudi amelowa jasho, akaomba msamaha. Mshauri pia alimwambia vivyo hivyo: hamu ikija, usipigane nayo umekaa. Tembea, kunywa maji, zungumza na mtu. Hamu huja kama wimbi, na wimbi hupita. Alimwambia pia akae mbali na mahali alipozoea kuvutia.

Siku moja aliteleza. Alikutana na watu wa zamani, akavuta. Alirudi nyumbani akasema mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mkewe alilia, kisha akampeleka kwa mshauri. "Kuteleza si kuanguka," mshauri alisema. "Sema tu, ulitelezea wapi, ili tusipite hapo tena."

Mkono ulipopona, alianza na mabango madogo, akiwa chini, si kwenye ngazi. Kikohozi kilipungua. Usingizi ulirudi. Alianza kukumbuka nani amemwagiza nini. Mwoka mikate alimwita tena, akamwambia ukuta wake bado unamngoja. Mwandiko aliuandika upya kwa siku nzima. Mteja mmoja alinung'unika kwamba sasa hakuna la kuchekea.

Asubuhi moja, Mwandiko akiwa anasafisha brashi uani, mtu alibisha. Alikuwa Bomba. Amekonda. Macho yamezama.

Mkewe Mwandiko alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kisha akasogea pembeni.

"Pita, shemeji," alisema.

Bomba hakupita. Alisimama hapohapo akichezea kofia yake. "Ile ya pakiti," alisema, "sikuiacha. Nilidhani wewe ndiye uliyeivuta vibaya. Juzi niliamka kwenye mtaro, sijui nilifikaje. Mke wangu amerudi kwao. Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekupa. Sijui kama nina haki ya kukuomba unisikilize."

Mwandiko aliweka brashi chini. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, mengine machungu. Alimkumbuka mkewe akiwa amekaa karibu na kitanda cha hospitali, hakusema "nilikwambia" hata mara moja.

"Umekunywa chai?" aliuliza.

"Bado."

"Kunywa kwanza. Kisha tutakwenda zahanati."

"Nitasema nini kule?"

"Kweli. Wameshaisikia kwa wengi, hawatashtuka."

Walikunywa chai, wakaenda. Benchi la mshauri lilikuwa refu, na watu walikuwa wawili tu mbele yao. Bomba alikaa ukingoni kabisa, tayari kukimbia. Mwandiko akakaa kati yake na mlango.

"Utaningoja mpaka nitoke?" Bomba aliuliza.

"Nimekuja kukaa," Mwandiko alijibu, akanyoosha miguu.