Jani Lililopigwa Randa

Ngo.

Mlio mmoja tu, patasi ikigonga mbao, miguuni pa kitanda chao. Mchongaji alifumbua macho. Patasi zake zote alikuwa amezifungia kabatini.

"Panya," alimnong'oneza mkewe.

"Panya wa kushika patasi? Basi mwajiri, akupunguzie kazi." Lakini mkewe hakucheka. Alimvuta kichanga wao kifuani.

Mlio ulitoka kwenye kitanda cha mtoto. Ubao wake wa kichwani ulichongwa mti wa uzima: kila mtoto na jani lake, jina katikati. Jani la kwanza alilichonga miaka saba iliyopita. Mwenye jani aliishi siku tatu. Mchongaji akakificha kitanda stoo, na jina lile akalipiga marufuku nyumbani. Alipozaliwa huyu wa pili, aliona uchungu kutupa mbao nzuri. Akalipiga randa jani la kwanza mpaka likafutika, akachonga la mgeni palepale.

Asubuhi, jani la mgeni lilikuwa limekwanguliwa, na kichanga anachemka homa. Mchongaji akalichonga upya. Usiku likakwanguliwa tena; kulipokucha, kichanga akakataa ziwa.

Usiku wa tatu walikesha, taa inawaka. Ngo. Ngo. Chumba kikajaa harufu ya mbao mbichi, ilhali mbao ile ilikuwa kavu miaka saba, na vumbi la mbao likaanza kudondoka lenyewe sakafuni, taratibu, kama mtu anayepuliza kazi yake aitazame, na juu ya vumbi zikajichora nyayo, moja, kisha nyingine, wala si nyayo za kichanga wa siku tatu bali za mtoto wa miaka saba, na kadiri jani la mgeni lilivyopungua, pumzi ya kichanga kifuani pa mamake nayo ikapungua.

"Mwite," mkewe alinong'ona.

"Mwite wewe, mama yake."

"Mimi namwita moyoni kila siku. Aliyemfuta ni nani, mume wangu?"

Ngo. Kichanga alivuta pumzi, akakawia kuitoa.

Mchongaji akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya zile nyayo. Mlio ukakatika, kama mtu aliyeinua patasi akatega sikio.

"Faraja," akaita. "Faraja, mwanangu."